Kivu kwenye Karatasi Nyeupe: Nani Alimkamata Mdudu wa Malale?

Katika vitabu vya biolojia tulivyosoma sekondari, mbung'o huwa peke yake. Amewekwa katikati ya karatasi nyeupe, mabawa yake yamelaliana kama makasi yaliyofungwa, mdomo umechomoza mbele kama sindano, na chini yake limeandikwa jina la Kilatini. Hakuna jani, hakuna maji, hakuna mkono wa mtu. Mwanafunzi humnakili, huweka mishale na majina ya viungo, hupata alama zake na kuendelea na somo la konokono. Mimi nasoma Kiswahili na Historia hapa Kampala, na saa zangu za mapumziko nazitumia kupiga picha za wadudu kwa simu. Labda ndiyo maana swali hili lilinijia kama mpiga picha kabla ya kunijia kama mwanahistoria. Ili mdudu aonekane vile, lazima kwanza mtu amkamate. Ni nani aliyemkamata?

Katika insha hii nitalitafutia jibu swali hilo kwa kutazama mfano mmoja mkubwa, yaani ugonjwa wa malale uliopita kando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha mifano miwili midogo iliyofuata. Hoja yangu ni kwamba mdudu wa Uganda alipata kujulikana duniani kwa mikono ya wenyeji, lakini kila chombo kilichotumiwa kumwonyesha, iwe mchoro, ramani au kamera, kilimwacha mwenyeji nje. Pale kilipomwingiza, kilimwingiza kama mgonjwa.

Neno lenyewe nalo lina mambo yake. Mdudu katika Kiswahili ni sisimizi, na ni buibui pia ingawa ana miguu minane, na nge, na tandu. Mwalimu wa biolojia atakataa. Watu wa mtaani hawatajali. Kisha kuna kidudu na kijidudu, kile kisichoonekana kwa macho lakini kinachoua. Luganda inapita njia hiyohiyo: ekiwuka ni mdudu, akawuka ni mdudu mdogo, na akawuka ka siriimu ni virusi vya ukimwi. Lugha zetu hizi mbili zimewaweka nzi na vijidudu katika ukoo mmoja, na kwa habari ya malale hazikukosea sana, kwa sababu humo wadudu ni wawili. Yupo mbung'o, ambaye Baganda humwita kivu, anayeruka na kuuma mchana. Na kipo kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho mbung'o hukibeba ndani yake na kukiingiza katika damu ya mtu. Kila mmoja alihitaji picha yake.

Mwaka 1901 madaktari wawili waliokuwa ndugu, Albert Cook na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika hospitali ya misheni ya Mengo. Baganda waliuita ugonjwa huo mongoota, neno linalomwonyesha mtu anayesinzia hadi kichwa kikaanguka. Katika miaka michache tu, makadirio ya serikali yalifikia watu 200,000 waliokufa Buganda na Busoga. Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma tume ya watu watatu, George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Castellani alishuku bakteria kwanza, kisha akaona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Machi 1903 akafika David Bruce, akifuatana na David Nabarro. Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha huko Zululand, miaka minane hivi kabla, kwamba mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana wa ng'ombe. Kwa hiyo alikuja na shaka yake tayari. Alichokosa ni kujua mbung'o wako wapi katika nchi hii, na nchi ilikuwa kubwa kuliko miguu yake.

Hapa ndipo anapoingia Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda na mmoja wa wasimamizi wa Kabaka Daudi Chwa, ambaye bado alikuwa mtoto. Mwaka uliotangulia Kagwa alikuwa London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, pamoja na katibu wake Ham Mukasa, aliyeandika habari za safari hiyo. Tena alikuwa mtu wa ukoo wa Nsenene, yaani senene, na aliandika kitabu juu ya ukoo huo. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Mwiko wa ukoo haumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa wadudu. Hata hivyo napenda kukumbuka kwamba ombi la kukusanya nzi lilipokelewa na mtu ambaye tangu utotoni alijua kuwa mdudu anaweza kubeba historia ya watu.

Agizo likashuka kutoka kwa Katikiro hadi kwa machifu wa saza, na kutoka kwao hadi kwa walio chini yao. Wamisionari na maafisa wa Kiingereza nao waliombwa. Kila aliyeweza akamate nzi wanaouma katika eneo lake na kuwapeleka, pamoja na jina la mahali walipopatikana. Tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu vitabu huipita kwa sentensi moja. Kivu hukaa penye kivuli karibu na maji. Hakai juu ya ua akikusubiri. Kumpata, unasimama mahali anapouma, na chambo ni mwili wako mwenyewe. Anatua kimya, mara nyingi mgongoni au nyuma ya mguu. Ukimpiga kwa nguvu ameharibika, hafai, ukichelewa ameshakuuma. Kisha lazima akaushwe asioze, afungwe vizuri na kubebwa hadi Entebbe. Watu waliifanya kazi hiyo mara nyingi, sehemu nyingi, katika miezi ambayo jirani zao walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo.

Nzi walipofika, mahali walipotoka palitiwa alama kwenye ramani. Ramani ya pili ilionyesha mahali penye malale. Zilipowekwa pamoja zilifanana: kivu alikuwa kando ya ziwa na mito, na ugonjwa ulikuwa hapohapo. Wakati huohuo, nzi waliokunywa damu ya wagonjwa waliachiwa wawaume nyani wa maabara, na nyani wakaambukizwa. London, Ernest Austen wa makumbusho ya viumbe aliwatambua nzi hao kuwa Glossina palpalis. Mwaka huohuo wa 1903 kitabu chake juu ya jamii ya mbung'o kilitoka, chenye michoro ya rangi. Huyo ndiye babu wa mbung'o wetu wa sekondari, yule aliye peke yake kwenye karatasi.

Kwa nini mchoro, wakati kamera zilikwisha kufika Uganda? Hapa uzoefu wangu mdogo wa simu na lenzi ya kubana ya bei nafuu unanisaidia kuelewa. Kadiri lenzi inavyomkaribia mdudu, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba. Ukiyapata macho, mabawa yanakuwa ukungu. Ukiyapata mabawa, miguu inapotea. Siku hizi watu hupiga picha kumi au hamsini, kila moja ikilenga sehemu yake, kisha programu ya kompyuta huziunganisha. Mwaka 1903 kazi hiyo ilifanywa na jicho na penseli. Mchoraji aliangalia jicho la nzi, akachora. Akasogeza lenzi, akaangalia mguu, akachora. Kama nzi mmoja alivunjika mguu njiani kutoka Busoga, mguu uliazimwa kwa mwenzake. Tena kuna suala la rangi: sahani za kioo za kamera zilitoa nyeusi na nyeupe tu, ilhali rangi ya miguu na mistari ya tumbo ni sehemu ya kumtofautisha mbung'o mmoja na mwingine. Kwa hiyo yule nzi kamili wa kitabuni huenda hakuwahi kuishi. Alijengwa kwa maiti za nzi kadhaa.

Kijidudu nacho kilichorwa. Mary Bruce, mke wa David, alikuwa fundi wa hadubini na mkono wake ulikuwa mzuri. Alifanya kazi na mumewe Zululand, akaja naye Uganda mwaka 1903, na tena mwaka 1908 katika kambi ya utafiti ya Mpumu, huko Kyaggwe. Michoro yake ya tripanosoma ilichapishwa katika ripoti za kisayansi. Vitabu vingi humtaja kama mke aliyefuatana na mumewe, jambo ambalo si haki, lakini angalau jina lake tunalo.

Basi kamera yenyewe ilielekezwa wapi? Sana ilielekezwa kwa watu. Mwaka 1906 Robert Koch alifika visiwa vya Ssese na kuweka kambi ya matibabu, ambako aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka kwa dawa hiyo. Kutoka kambi za namna hiyo zimebaki picha za watu waliokonda, wamekaa chini, wengine wameshikiliwa kichwa kiinuke ili waonekane. Maandishi yaliyo chini ya picha kama hizo kwa kawaida hutaja ugonjwa, mara nyingine na hatua yake. Jina la mtu ni nadra. Ukizitazama picha hizi kando ya michoro ya mbung'o, unaona kitu ambacho kwangu ni kigumu kukisahau. Mdudu alichorwa kwa subira ya sonara, unywele kwa unywele, na jina lake likatafutwa hadi London. Binadamu alipigwa picha kwa sekunde chache na kuachwa bila jina.

Ingawa nazungumzia picha, nadhani picha yenye nguvu kuliko zote ilikuwa ramani. Hesketh Bell, aliyeanza kuiongoza Uganda mwaka 1906, aliona kwamba kama nzi hawezi kuondolewa, basi aondolewe mtu. Watu wa kando ya ziwa wakaamriwa kuhamia ndani, maili mbili au zaidi kutoka majini. Mwaka 1909 ikawa zamu ya watu wa visiwani. Vifo vilipungua, na sina sababu ya kulidharau hilo. Lakini watu wa Ssese na Buvuma waliacha mitumbwi, migomba na makaburi. Wa Ssese waliacha pia Bubembe, kisiwa chenye hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa. Ruhusa ya kurudi ilianza kupatikana tu karibu na mwaka 1920, na wengine hawakurudi kamwe. Ramani hiyo ilijengwa kwa nzi walioletwa na watu wa pwani hiyohiyo. Waliokamata mbung'o walitoa ushahidi uliokuja kuwahamisha. Sidhani yeyote kati yao aliambiwa hivyo aliposimama majini akisubiri kuumwa, na sidhani Kagwa mwenyewe alikuwa analitazamia.

Visiwa vilivyoachwa vilipata mgeni. Daktari G. D. Hale Carpenter alipewa kazi ya kuchunguza maisha ya mbung'o katika visiwa hivyo, kwanza Damba, kisha vingine. Mbung'o jike hatagi mayai kama inzi wa jikoni. Huzaa buu mmoja mmoja na kumwacha penye mchanga au udongo mkavu wenye kivuli, ambako buu hujizika. Carpenter alijenga vibanda vidogo vya nyasi juu ya mchanga ili majike waje kuzalia humo, na hivyo akawapata kwa wingi. Yeye na wenzake walionyesha pia kwamba nzohe, yule swala wa vinamasi, alikuwa anabeba tripanosoma. Watu walikwisha kuondoka, lakini kivu alibaki akinywa damu ya kenge, mamba na nzohe, na ugonjwa ukabaki umehifadhiwa.

Mwaka 1920 Carpenter alitoa kitabu juu ya miaka yake ziwani, chenye picha nyingi. Nakisifu kitabu hicho. Mtu huyu aliwapenda viumbe, na uchunguzi wake wa vipepeo wanaoigana rangi ulimpeleka mwishowe kuwa profesa Oxford mwaka 1933. Lakini msomaji wa leo anapokifungua aukumbuke ukweli mmoja: ule utulivu wa visiwa, ile nyika ambamo mtaalamu anakaa saa nyingi na kipepeo wake bila kusumbuliwa, haukuwa wa asili. Ulitengenezwa kwa amri. Visiwa viligeuzwa studio baada ya wenyewe kutolewa nje.

Mfano wa pili nitaupitia haraka kwa sababu unajulikana zaidi. Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1947 watafiti wake walipata kirusi kipya kutoka kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa Zika, kandokando ya barabara ya Entebbe, na mwaka uliofuata wakakipata katika mbu wa msitu huohuo, Aedes africanus. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa taasisi hiyo, aliendesha ukamataji wa mbu wa saa 24 mfululizo. Wakamataji waliketi juu ya majukwaa mitini, baadaye kwenye mnara wa chuma wenye urefu wa futi 120, wakiwanasa mbu waliokuja kuwauma wao wenyewe. Ni kazi ileile ya 1903, chambo kilekile. Tofauti ninayoiona ni moja, nayo kwangu si ndogo: katika miaka ya 1960, kwenye makala zilizotokana na mnara ule, karibu na jina la Haddow kuna jina la Kiganda, Y. Ssenkubuge, kama mwandishi mwenza. Ilichukua kama miaka 60 jina la namna hiyo kuhama kutoka kwenye nyavu hadi kwenye ukurasa wa kwanza.

Na mwaka 2016, dunia ilipoogopa homa ya Zika iliyoenea Brazili, magazeti yalijaza picha za mbu mwenye madoa meupe miguuni. Nyingi nilizoziona zilikuwa za Aedes aegypti, mbu wa mijini, na kwa ugonjwa wa Brazili hilo lilikuwa sahihi. Ila mbu wa msitu uliotoa jina hakuonekana, na msitu wenyewe ulionekana kwa nadra. Sisi tulibaki na jina tu, na majirani wakituuliza kama ni salama kupita barabara ya Entebbe.

Kuna picha za wadudu za Uganda ambazo zinakwenda kinyume na historia hii, na hizo ni za senene. Baganda huuita mwezi wa Novemba Museenene, mwezi wa senene. Mvua zikinyesha, watu husimika mabati yaliyoelekezwa kwenye mapipa, huwasha taa kali na moshi wa majani mabichi, na wadudu huteleza humo kwa maelfu. Mpiga picha Mwitaliano aliyeishi Kampala, Michele Sibiloni, alitoa mwaka 2021 kitabu kiitwacho Nsenene, chenye picha za usiku za watu hawa na mitego yao. Katika picha hizo mdudu si kielelezo kilichokatwa kutoka mahali pake. Anaruka mbele ya uso wa mvulana aliyejifunga nguo kichwani, anang'aa kwenye moshi wa kijani, na huwezi kumtazama mmoja bila mwingine. Mtu anaweza kusema kwamba hata hapa aliyeshika kamera ni mgeni. Ni kweli. Lakini fremu ni pana, na upana wa fremu ni uamuzi wa mpiga picha, sawa na kulichagua jina litakaloandikwa chini yake.

Mimi mwenyewe nimeanza kubadili namna ninavyohifadhi picha zangu. Nyingi ni za kawaida: siafu kwenye ukuta wa bweni, kerengende wa kinamasi cha Lubigi, buibui wa bustani. Zamani faili iliitwa kwa jina la mdudu na tarehe. Sasa naongeza mahali, na naongeza jina la aliyenionyesha kama ameniruhusu, kwa sababu karibu kila mdudu mzuri niliyempata nilionyeshwa na mtu mwingine, mara nyingi mtoto. Mwenzangu darasani anasema jina la mtoto halina kazi katika picha ya kerengende. Namjibu kwamba jina la Kilatini nalo, kwa mtoto yule, halina kazi.

Malale yenyewe haijaisha katika historia yetu. Uganda ni nchi pekee ambayo imekuwa na aina zote mbili za ugonjwa huo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ile aina ya muda mrefu, iliyokuwa inawasumbua watu wa kaskazini-magharibi, si tishio kwa afya ya umma tena. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa huko West Nile kwa vipande vidogo vya kitambaa cha buluu na wavu mweusi vyenye dawa ya kuua wadudu, kila upande sentimita 25. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, hugusa na kufa. Katika picha za kazi hiyo mara nyingi humwoni mbung'o hata mmoja. Unaona kijito, majani, kitambaa cha buluu, na mtu wa kijijini ameingia kwenye matope hadi magotini, akikichomeka.